Mtoto baada ya maafa: maswali ambayo wazazi wa Dar es Salaam huuliza miezi na miaka baadaye

Maswali haya nimeyapata kwa wazazi, walezi na walimu wenzangu, mengi yakiulizwa barazani au nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 na mvua kubwa zilizofuata. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka ule darasa langu lilikuwa na watoto wa bonde la Msimbazi, na tulipofungua Januari 2012 madawati kadhaa yalikuwa matupu. Baadhi walikuwa wamehamia Mabwepande, serikali ilikowapa waathirika viwanja, pamoja na wazazi wao, wengine wamepelekwa kwa bibi mikoani. Waliobaki waliletewa blanketi, unga na madaftari, na tulishukuru. Lakini maswali mazito yalianza baada ya misaada kwisha na wageni kuondoka. Kwa hiyo hapa siku za mwanzo nimezigusa kidogo tu.

Mwanangu ana miaka sita. Tangu maji yaingie ndani anaweweseka usiku, anakojoa kitandani na hataki niondoke hata kwenda chooni. Ni ugonjwa?

Kwa wiki za mwanzo, hapana. Mtoto ameona kwamba maji yanaweza kuja watu wakiwa wamelala, basi usiku mwili wake unakataa kulala vizuri. Watoto wadogo hurudi nyuma: aliyeacha kukojoa anaanza tena, aliyeongea vizuri anaongea kitoto, mwingine anashika kanga ya mama asubuhi hadi jioni. Wa umri wa shule hulalamika tumbo na kichwa, hasa asubuhi, na zahanati wakipima malaria hawaoni kitu. Hadanganyi, tumbo linamuuma kweli. Wa sekondari ndio wagumu kuwatambua, kwa sababu hofu yao huvaa sura ya ukali au ya kunyamaza, nasi tunasema amekuwa na kiburi.

Mrudishie siku yenye mpangilio, hata kama mnaishi chumba kimoja kwa shemeji. Ale saa zilezile, alale saa zilezile, na abaki na kitu chake mwenyewe, hata kama ni kikombe tu. Ukitoka, usimtoroke akiwa anacheza. Mwambie, "Nakwenda gengeni, nitarudi kabla ya adhana ya magharibi," halafu rudi kabla ya adhana. Ukifanya hivyo mara kumi, mara ya kumi na moja atakuachia kanga.

Nikimchapa kidogo si ataacha kukojoa?

Hapana, atazidisha. Hakojoi kwa makusudi. Punguza maji ya kunywa karibu na kulala, mwamshe mara moja usiku, na asubuhi iliyo kavu msifu mbele ya wenzake. Godoro likilowa, litoeni nje pamoja bila kutangaza kwa majirani. Kuna nyumba ambapo mtoto huyo huvishwa shuka lake lenye mkojo na kuimbiwa. Naomba sana jambo hilo likome.

Itachukua muda gani? Nasikia mtoto akishaona maiti ameharibika maisha yote.

Maneno hayo yamewatia wazazi wengi unyonge bure. Watoto walio wengi hupata nafuu bila dawa wala mtaalamu, ikiwa wana mtu mzima wanayemtegemea, wanakula, wanasoma na wana wa kucheza nao. Wapo wachache ambao hali yao inaganda, nao ndio wa kuwahi.

Kuna mfano uliofuatiliwa kwa muda mrefu. Tarehe 26 Februari 1972, huko Buffalo Creek, jimbo la West Virginia nchini Marekani, bwawa la taka za mgodi wa makaa ya mawe lilipasuka na kuua watu 125. Watafiti waliwapima watoto wa bonde lile miaka miwili baadaye, kisha wakawatafuta tena miaka 17 baada ya mafuriko, wakiwa watu wazima. Mara ya kwanza asilimia 32 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, yaani hofu ya tukio inayokataa kuondoka. Mara ya pili ni asilimia 7. Mzazi azisome takwimu hizo zote mbili. Nyingi ya nyoyo zile zilitulia, ila kwa wengine ilichukua miaka, na wachache waliingia utu uzimani bado wameubeba mzigo.

Jambo jingine la Buffalo Creek linanigusa zaidi. Baada ya maji, waathirika walipangwa kwenye nyumba za muda bila kuangalia nani alikuwa jirani wa nani. Watu waliozoeana tangu utoto wakajikuta wageni kwa kila mmoja wa pembeni yao, na wengi walisema kupotea kwa ujirani ule kuliwaumiza kama maji yenyewe. Nilipoyajua hayo niliyakumbuka madawati yangu matupu.

Basi kuhamishwa nako ni maafa kwa mtoto?

Kunaweza kuwa, tusipokuwa makini. Sisemi watu wabaki mabondeni. Mafuriko ya 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haikuonekana tangu 1954. Mtoto aliyelala juu ya paa usiku kucha hahitaji kurudishwa palepale. Lakini tazama anachopoteza siku ya kuhama: mwalimu anayejua jina lake, madrasa au shule ya Jumapili, timu ya chandimu, bibi muuza maandazi anayemkopesha, shoga wa kucheza naye rede. Mabwepande iko kaskazini kabisa ya jiji, upande wa Bunju. Baba aliyekuwa mchuuzi Kariakoo ama alilala mjini siku za kazi, ama aliifuata familia na kukosa riziki. Kwa hiyo mtoto alipoteza nyumba, kisha marafiki, kisha baba wa jioni.

Mkihama, fanyeni mambo matatu mapema. Mwambieni kabla, na mpeni nafasi ya kuaga. Niliwahi kumpokea mtoto aliyeondolewa Ijumaa bila kuaga, na mwaka mzima aliamini wenzake wamekufa. Wekeni namba ya simu ya mzazi wa rafiki yake mmoja, waongee mara moja moja. Na shughulikieni uhamisho wa shule wiki ileile, kwa sababu mtoto anayekaa nyumbani "mpaka mambo yatulie" mara nyingi harudi tena. Vyeti vikichukuliwa na maji, anzeni na taarifa ya upotevu ya polisi, kisha nakala ya cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mwalimu mkuu mwelewa atampokea mtoto huku karatasi zikifuatiliwa. Ombeni hivyo kwa adabu, na msichoke kuomba.

Kumpeleka kwa bibi mkoani ni sawa kwa likizo. Kwa muda mrefu, fikirini mara mbili, na msiwatenganishe ndugu ikiwa kuna njia nyingine. Watoto waliopotezana na wazazi, hata kwa usiku mmoja, hubaki na hofu ya kuachwa. Usiku wa 16 Februari 2011, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Gongo la Mboto, watu walikimbia ovyo gizani na watoto wengi walipotea njiani kabla ya kukutanishwa na wazazi. Mtoto aliyepitia usiku wa namna hiyo, ukimwambia "utakaa kwa bibi kidogo", anasikia kitu tofauti na ulichosema.

Mwaka wa kwanza alikuwa sawa kabisa. Mvua za mwaka wa pili ndipo akaanza kutetemeka. Kwa nini achelewe?

Kwa sababu mwaka wa kwanza mlikuwa mnahangaika na kula na kulala, naye aliliona hilo akajikaza. Watoto wengi huwa wema kupita kiasi mzazi akiwa amezidiwa. Mambo yakitulia, ndipo kilichofunikwa kinaibuka. Tena Dar es Salaam ina jambo lake: masika huja Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka mtoto anasikia tena mlio uleule wa mvua kwenye bati. Harufu ya tope inatosha kumrudisha usiku ule. Kwa mtoto wa Mbagala aliyesikia ghala la mabomu la jeshi likilipuka mwaka 2009, baruti za sherehe au tairi la lori likipasuka ni mabomu yamerudi.

Usimwambie "acha uoga, mvua tu hiyo". Amekwishaona mvua inaweza kufanya nini. Mwambie ukweli unaopimika: utabiri unasemaje, mto uko mbali kiasi gani na mnapoishi sasa, na mtafanya nini maji yakipanda. Mama mmoja wa Kigogo alipanga na wanawe kabla ya masika. Tochi ilikaa msumarini karibu na mlango, vyeti vikafungwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na jioni moja kavu wakatembea wote hadi kwa jirani mwenye ghorofa kama mazoezi. Mdogo akapewa kazi ya kubeba tochi. Mama huyo aliniambia kwamba mvua iliponyesha, mtoto aliamka, akaenda kuigusa tochi msumarini, akarudi kulala.

Nizungumze naye juu ya siku ile au ninyamaze asahau?

Hasahau kwa sababu umenyamaza. Anajifunza tu kwamba jambo hilo halitajwi mbele yako. Lakini kumkalisha na kumlazimisha asimulie kila kitu nako ni kosa. Zamani wahisani waliwakusanya watu siku chache baada ya tukio na kuwataka wasimulie yote kwa kikao kimoja. Shirika la Afya Duniani halishauri njia hiyo. Linachohimiza ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo kwa ufupi ni kuangalia nani anahitaji nini, kumsikiliza anayetaka kusema, na kumuunganisha na msaada.

Nyumbani maana yake ni kuacha mlango wazi. Maswali ya watoto huja mkiwa mnachambua mchele au mmebanana kwenye daladala, wala hayangoji kikao. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Kama hujui, sema hujui.

Wengine husimulia kwa michezo. Utawakuta wanajenga nyumba kwa mchanga, wanamwaga maji, wanapiga kelele, wanaokoa mdoli. Waache, hivyo ndivyo wanavyolitafuna jambo. Cha kuangalia ni mchezo unaojirudia wiki kwa wiki bila furaha, hakuna anayeokolewa, na mtoto anamaliza akiwa na hofu kuliko alipoanza. Hapo keti naye chini, chukua kipande cha kibiriti, uliza, "Huyu akipanda mtumbwi huu, watakwenda wapi?"

Baba yake alichukuliwa na maji. Tumemwambia amesafiri. Tulifanya vibaya?

Mlifanya kwa huruma, najua. Lakini aliyesafiri hurudi, hupiga simu, huleta zawadi. Mtoto atasubiri, kisha atahitimisha kwamba baba hampendi, au kwamba yeye ndiye aliyemkasirisha. Siku atakapoambiwa ukweli na mtoto wa jirani katikati ya kombolela, atakuwa amempoteza baba, na imani yake kwenu itakuwa imetikisika.

Chagueni mtu anayempenda zaidi, siku tulivu, na tumieni neno lenyewe: amekufa. Chini ya miaka mitano mtoto haelewi kwamba kifo hakirudi nyuma. Atasema "sawa", acheze, kisha kesho aulize baba anakuja lini. Mjibuni tena vilevile. Msiseme "amelala", maana wapo wanaoogopa kulala baada ya hapo. Kama imani yenu inasema marehemu yuko kwa Mungu, mwambieni, ila ongezeni kwamba Mungu hakumchukua baba kwa sababu ya kosa la mtoto. Swali hilo wanalo wengi na hawaliulizi.

Msimfiche msibani. Akitaka kukaa na mama matangani, akae. Kwenye hitima au misa ya kumbukumbu apewe kazi, hata ya kugawa tende au kushika mshumaa. Pale ambapo mwili haukupatikana, familia nyingi huahirisha kila kitu kwa miaka, na mtoto anabaki akichungulia mlango. Zungumzeni na sheikh au padri wenu kuhusu dua au ibada inayofaa.

Majirani wanasema ana jini. Tumpeleke kwa mganga?

Dua, kusomewa na kuombewa kwa upole vinawatuliza watoto wengi, na mzazi akituliza moyo wake katika imani mtoto anafaidika. Sina neno juu ya hilo. Lakini mtu yeyote, awe na kilemba au na Biblia, akitaka mtoto afungwe, achapwe, afukizwe moshi hadi apaliwe, au anyimwe chakula, mchukue mwanao uondoke. Vilevile usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Hata Shirika la Afya Duniani linakataza watoto kupewa dawa za jamii ya diazepamu kwa sababu ya kukosa usingizi baada ya tukio la kutisha.

Mimi mwenyewe sijakaa sawa. Nalia, nafoka, sina nguvu. Nitamsaidiaje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na mara nyingi na mama. Baada ya moto mkubwa wa nyika wa Februari 1983 kusini mwa Australia, watafiti waliowafuatilia watoto wa shule waliona kwamba hali ya mama baada ya moto ilieleza matatizo ya mtoto kuliko hata ukaribu wa mtoto na moto wenyewe. Siyasemi hayo nikulaumu. Nayasema ili ujue kwamba ukipata mtu wa kukushikia mtoto kwa muda wa saa mbili ulale, umemtibu mtoto pia.

Kulia mbele yake hakumdhuru ukimweleza: "Nalia kwa sababu namkumbuka bibi. Nitanyamaza, kisha tutapika." Kinachomtisha ni kilio kisicho na maelezo, au ugomvi wa wazazi kuhusu pesa usiku. Ukiona wiki zinapita huwezi kuamka, au unawaza kujidhuru, nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo bila kuzunguka. Na akina baba: kikoba cha wake zenu kimewasaidia wengi kwa sababu wanawake wanakutana na kusemezana. Nanyi tafuteni baraza lenu, lisiwe la pombe.

Nina darasa la watoto 90, watano wametoka kwenye mafuriko. Nifanye nini na muda sina?

Mwenzangu, nakuelewa. Usiwatangaze. Usimwite mtoto "wa mafuriko". Mkalishe karibu na mlango kama anaogopa kufungiwa, mpe kazi ndogo yenye heshima, na mruhusu asiye na sare aingie. Mvua ikianza kugonga bati, simamisha somo la hesabu, waimbeni wote. Sauti za watoto 90 zinaishinda mvua. Matokeo yakishuka ghafla, uliza kabla ya kuchukua fimbo, kwa sababu mtoto asiyelala hawezi kukumbuka.

Na video za simu?

Mtoto mdogo akiona jengo la Kariakoo lililoporomoka Novemba 2024 mara ishirini kwenye simu ya kaka, anaweza kudhani yameporomoka majengo ishirini. Zima. Na picha ya mtoto akilia kwenye tope usiisambaze. Kesho ana shule.

Wangu ni wakubwa, miaka 14 na 16. Hao si wanajielewa?

Hao ndio tunaowasahau. Mvulana ameambiwa mwanaume halii, basi anaacha shule kimyakimya na kwenda kubeba mizigo sokoni, nasi tunamsifu kwa kuleta hela. Msichana anageuka mama wa nyumba, analea wadogo, anachota maji, na mahali pa kulala pana watu wengi asiowajua. Katika msongamano wa namna hiyo unyanyasaji hutokea, na anayefanya mara nyingi ni mtu aliyewapokea. Mwulize binti akiwa peke yake, bila kumtisha. Akikuambia, mwamini, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Msimalize kifamilia.

Lini tutafute mtaalamu, na wapi?

Ikiwa dalili zinazidi badala ya kupungua baada ya mwezi mmoja hivi. Ikiwa ameacha kula, kucheza au kusoma. Ikiwa miezi sita baada ya msiba bado maisha yake yamesimama palepale. Na mara moja, usiku au mchana, ikiwa anasema anataka kufa au anajiumiza.

Piga 116, simu ya mtoto, ni bure na wanaongea Kiswahili. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Kituo cha afya kinaweza kukupa rufaa, na Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Kwenda huko hakumfanyi mtoto kuwa chizi.

Wataalamu ni wachache, ni kweli. Ndiyo maana nimetiwa moyo na utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika mjini na vijijini, Moshi hapa kwetu na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi. Waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wakikutana na watoto kwa vikundi wiki 12, na walezi nao wakihudhuria. Vikao vilipomalizika, katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Kata zetu zina wahudumu wa afya ya jamii, walimu wastaafu na walimu wa madrasa. Ningependa kuona halmashauri za Dar es Salaam zikiwafundisha kabla ya masika, wakati bado pakavu.

Wangu alikuwa na miaka tisa mwaka 2011. Sasa ni mtu mzima, halali mvua ikinyesha, na hatujawahi kuliongelea. Nimechelewa?

Hujachelewa. Tiba za kiwewe huwafaa hata watu wazima ambao tukio lao ni la zamani, na wewe bado ndiye shahidi wake wa usiku ule. Huenda ana kumbukumbu vipande vipande, na nyingine si sahihi: wapo waliobeba miaka yote hatia ya kuuachia mkono wa mdogo wao, kumbe aliyeuachia ni mtu mzima, au mdogo aliokolewa na jirani. Tafuta jioni asiyo na haraka. Usianze na pole wala na ushauri. Mwulize, "Usiku ule wewe ulikuwa umelala upande gani?" kisha mwache aseme mpaka amalize.